Jirani anashukiwa kuwa shoga: tuishi naye vipi nyumba moja?

Kijana anayetoka Sola kwenda Bariadi au Mwanza kutafuta maisha mara nyingi hupanga chumba katika nyumba ya watu wengi. Choo ni kimoja, ua ni mmoja, LUKU ni moja. Wengine hukaa wawili chumba kimoja ili kodi iwe nafuu.

Katika nyumba kama hiyo, neno likinong'onwa kwamba fulani ni shoga, jioni limeshafika kwa mwenye nyumba. Linaweza kuishia kwenye matusi, kipigo, au mtu kutupiwa vitu vyake nje. Tueleze sheria inasemaje, na wapangaji wafanye nini ili amani isivunjike.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza kujamiiana kinyume cha maumbile, hata baina ya mwanamume na mwanamke. Adhabu yake ni kali: kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha.

Lakini kinachoadhibiwa ni kitendo kilichothibitishwa mahakamani. Sauti ya mtu, mwendo wake, nguo zake au kulala chumba kimoja na rafiki yake si kosa. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Ibara ya 16 inalinda maisha yake binafsi na makazi yake. Anayempiga au kumvunjia mlango ndiye anayetenda kosa.

Oktoba 2018, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wamtumie majina ya wanaowashuku. Siku chache baadaye, Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali.

Tetesi zinaweza kufika wapi?

Sisi wa Usukumani tunajua. Bibi zetu walipika miaka mingi kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, moshi ukawafanya macho kuwa mekundu. Wengine waliitwa wachawi kwa sababu ya macho hayo, wakauawa. Aliyeanza kunong'ona huenda hakushika panga, lakini yeye ndiye aliyelielekeza.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, wapo wakimbizi waliokimbia Uganda kwa sababu ya kuwa mashoga. Huko nako walichukiwa na majirani. Machi 2021 walirushiwa bomu la petroli usiku. Mmoja wa walioungua alifariki mwezi uliofuata.

Na kama ni kweli?

Wengi huogopa kwamba tabia hiyo "itaambukiza". Shirika la Afya Duniani liliondoa ushoga katika orodha ya magonjwa mwaka 1990. Hauambukizwi kwa choo, sahani wala salamu.

Wengine huhofia watoto. Anayemdhuru mtoto ni mhalifu, awe anapenda wanaume au wanawake, na ashitakiwe kwa hilo. Tusimbebeshe mtu kosa ambalo hakulitenda.

Imani yako inaweza kukukataza jambo, na hilo ni lako. Haikupi ruhusa ya kumnyima mwenzako maji ya kisima au kumpiga.

Tufanye nini?

- Mpime mpangaji kwa yale mnayodaiana: kodi, umeme, zamu ya usafi, kelele na heshima.
- Tetesi zikikufikia, zisiishie kwa mwingine. Usimpige picha wala kumrusha kwenye kundi la WhatsApp.
- Mwenye nyumba akitaka chumba chake, atoe notisi kama kwa mpangaji mwingine yeyote.
- Ugomvi ukizuka, muiteni mwenyekiti wa mtaa au kitongoji mapema. Fujo zikianza, pigeni polisi namba 112.
- Mkiona anasumbuliwa, msalimieni mbele za watu. Mchokozi akiona hayuko peke yake, mara nyingi hupunguza.

Leo anashukiwa yeye kwa mwendo wake. Kesho atashukiwa mwanao, anayekaa na rafiki yake chumba kimoja huko mjini. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.