Umepanga nje ya chuo? Soma hii kabla hujalipia intaneti

Dar es Salaam. Mwanachuo anayekaa hosteli bando likikata, anasogea kwenye Wi-Fi ya chuo. Aliyepanga geto Changanyikeni, Msewe au Sinza hana ujanja huo saa tano usiku, huku mfumo wa chuo ukifunga kupokea kazi saa sita kamili.

Wengi huanza kwa kuuliza bei. Waanze na chumba. Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL zote zina wanaozisifia na wanaozilalamikia, lakini sifa za mtaa wa pili hazisaidii kama chumba chako cha uani hakishiki mtandao. Azima laini ya mwenzako, kaa nayo kitandani kati ya saa mbili na saa nne usiku, muda ambao nyumba nzima iko mtandaoni. Laini inayokimbia asubuhi inaweza kukuangusha muda huo.

Halafu piga hesabu. Kipindi cha Zoom chenye video kinaweza kula karibu GB 1 kwa saa. Vipindi vitatu vya saa mbili kila wiki ni GB 24 kwa wiki nne, hapo YouTube hujaigusa. Kwa matumizi hayo, bando la siku linakumaliza kimyakimya.

Ndiyo maana wapangaji wengine huchangia faiba. Ni wazo zuri kama waya umeshafika mtaani na mwenye nyumba amekubali ukuta utobolewe. Ulizeni gharama ya kufungiwa, nani anaandikwa kwenye mkataba, na kama mtalipa pia miezi ya likizo, maana hapo ndipo urafiki wa geto huvunjika. Kwenye kasi msichanganywe na herufi: Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo faili la MB 500 linashuka kwa dakika saba hivi, tena kama unapakua peke yako. Mkiwa wanne, gawanyeni. Na kifurushi cha "bila kikomo" mara nyingi hupunguzwa kasi ukishavuka kiasi fulani. Ulizeni ni kiasi gani.

Umeme ukikatika, rauta ya faiba inazima. Betri ndogo ya rauta inasaidia, la sivyo baki na bando dogo kwenye simu kwa dharura. Anayenunua rauta ya laini iliyotumika aijaribu kwanza, kwani nyingine zimefungwa zikubali laini ya kampuni moja tu.

Kuna jambo moja ambalo hata intaneti ya kasi haitatui. Majarida mengi ya kitaaluma yanayolipiwa na chuo hufunguka kwa kuwa yanautambua mtandao wa chuo. Ukiwa geto yanakudai pesa. Kabla ya msimu wa tafiti, pita maktaba uulize namna ya kuingia ukiwa nje, kisha ijaribu kwa laini yako mapema, si usiku wa kukabidhi kazi.