Tundu Lissu

Tundu Lissu (alizaliwa 1968, Singida) ni wakili na mwanasiasa wa Tanzania, aliyechaguliwa mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema Januari 2025. Wapo wanaosema uwakili ulikuwa ngazi yake ya kupandia siasa. Hoja hiyo haina mashiko. Ni kweli aligombea ubunge mwaka 1995 kwa chama cha NCCR-Mageuzi, akashindwa. Lakini miaka iliyofuata aliitumia katika LEAT, chama cha wanasheria wa mazingira, akiwatetea wachimbaji wadogo walioondolewa kwenye machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu mwaka 1996. Kazi hiyo ilimletea kesi ya uchochezi, si kura. Ubunge wa Singida Mashariki aliupata 2010.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kiongozi wa chama cha siasa hafai kuongoza mawakili, kama alivyofanya Lissu alipochaguliwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika Machi 2017. Hofu hiyo ina msingi, ila inasahau kwamba siasa ilikuwa imekwisha kuingia mahakamani. Januari mwaka huohuo, Mahakama ya Wilaya ya Kilombero ilimfunga mbunge wa Chadema, Peter Lijualikali, miezi sita. Mahakama Kuu ikamwachia huru Machi. Wapinzani walihitaji mawakili kuliko majukwaa. Septemba 7, 2017, Lissu alipigwa risasi Dodoma, akatibiwa Nairobi na Ubelgiji. Alirudi kugombea urais 2020, na Aprili 2025 akashtakiwa kwa uhaini, kesi ambayo baadaye aliamua kujitetea mwenyewe.