Hooghly: Mji wa Mtoni na Wakfu wa Haji Mohsin



Kwetu sisi watu wa pwani neno wakfu si geni. Tunayo misikiti ya wakfu, visima vya wakfu, mashamba ya minazi na nyumba ambazo wenyewe walizifunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, zisiuzwe, zisirithiwe wala zisitolewe zawadi. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojiuliza: mtu akishaweka wakfu, kisha akafa, ni nani anayeulinda? Swali hili lina jibu katika historia ya mji mmoja wa Bengal, huko Bara Hindi. Ni jibu zuri, na ni chungu vilevile.

Mji huo ni Hooghly. Uko ukingoni mwa mto wa jina hilohilo, ambao ni tawi la mto Ganges, kiasi cha kilomita 40 kaskazini ya Kalkuta. Uislamu uliingia sehemu zile zamani sana, kwani Tribeni, juu kidogo ya Hooghly, upo msikiti wa Zafar Khan Ghazi wenye maandishi ya mwaka 1298. Zama hizo bandari kubwa ilikuwa Saptagram, kwenye mto Saraswati. Mto ule ukajaa mchanga, vyombo vikashindwa kupita, na Saptagram ikafa. Biashara ikahamia Hooghly, na walioistawisha hapo ni Wareno, karne ya 16 ilipokuwa ikielekea kwisha.

Wareno hao sisi hatuhitaji kuelezwa. Mambo waliyoyafanya Mombasa ndiyo waliyoyafanya na huko: kukamata watu na kuwauza utumwani, na kutojali amri ya mtawala wa nchi. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan aliinuka dhidi yao Mombasa. Mwaka uliofuata, 1632, jeshi la Shah Jahan, mfalme wa Kimoghuli ambaye ndiye aliyejenga Taj Mahal, liliuzingira Hooghly kiasi cha miezi mitatu mpaka likauteka. Tangu hapo ukawa bandari ya kifalme. Waingereza wakafungua ghala lao mwaka 1651. Waholanzi wakakaa Chinsurah, Wafaransa Chandernagore, na baadaye Wadenmark Serampore. Kila taifa likawa na gati yake kwenye mto mmoja, likinunua vitambaa vya pamba, hariri na shura ya kutengenezea baruti. Leo hii mataifa yote hayo yameondoka, na maghala yao ni magofu au ni nyumba za watu wengine. Tuone basi ni nini kilichobaki.

Mwaka 1732 alizaliwa Hooghly Muhammad Mohsin, katika ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Uajemi, wafuasi wa madhehebu ya Shia. Alisoma Kiarabu na Kiajemi, akasafiri miaka mingi katika nchi za Kiislamu, akahiji, akarudi akiitwa Haji. Katika maisha yake Bengal ilipinduka. Mwaka 1757 Waingereza walishinda vita vya Plassey, na mwaka 1770 ikaja njaa kubwa ambayo inakisiwa iliua thuluthi ya watu wa Bengal. Dada yake kwa mama, Mannujan Khanum, alikuwa mjane mwenye mali nyingi na hakuwa na mtoto. Alipofariki mwaka 1803, mali yote ikamwangukia Haji Mohsin, naye ni mzee aliyekwishapita miaka 70, hana mke wala mtoto.

Je, ndugu msomaji, mimi na wewe tungefanya nini na utajiri ule? Yeye, mwaka 1806, aliyaweka wakfu mashamba yale makubwa, akayagawa mapato yake mafungu 9: mafungu 3 kwa ibada na majengo ya dini, mafungu 4 kwa misaada na posho za watu, na mafungu 2 yawe ujira wa mutawalli wawili, yaani wasimamizi wa mali. Mwaka 1812 akafariki dunia.

Hapa ndipo uchungu unapoanza. Haukupita muda mrefu wasimamizi wakaichezea mali ile kama kwamba ni ya baba zao. Serikali ya Kampuni ya Waingereza ikawaondoa, kesi ikafika mpaka London, na haikwisha ila mwaka 1835. Fedha zilizokuwa zimelimbikizana zikatumiwa kufungulia Chuo cha Hooghly mwaka 1836. Chuo kilikuwa kizuri, na watu wa dini zote walisoma humo. Hata Bankim Chandra Chattopadhyay, mwandishi mashuhuri wa Kibengali, alipitia hapo. Kumsomesha jirani asiye wa dini yako ni jambo jema. Lakini watoto wa Kiislamu waliosoma humo walikuwa wachache mno, wengi wao wakabaki nje ya mlango uliofunguliwa kwa mali ya Mwislamu mwenzao.

Hayo yangaliendelea lau kama watu wangalinyamaza. Nawab Abdul Latif na wengineo walisema, wakaandika, wakadai. Mwaka 1873, miaka 61 baada ya kufa Haji Mohsin, serikali ikakubali fedha za wakfu zielekezwe katika elimu ya Waislamu. Wanafunzi wakasaidiwa ada, na madrasa zikafunguliwa Dhaka, Chittagong na Rajshahi, miji ambayo leo imo Bangladesh.

Mmoja wa matunda ya Hooghly ni Syed Ameer Ali, aliyesoma hapo, akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Kalkuta mwaka 1890. Mwaka 1894 baraza la rufani la London lilihukumu kwamba wakfu wa mtu kwa kizazi chake haufai. Ameer Ali aliipinga rai hiyo kwa kalamu yake, na mwaka 1913 ikatungwa sheria ya kuurudishia nguvu wakfu wa namna hiyo huko India. Hukumu hiyo ilitugusa hata sisi: mwanzoni mwa miaka ya 1950 baraza lilelile liliitumia katika kesi ya wakfu iliyotoka Kenya. Basi tazama: kijana aliyesoma katika mji wa wakfu ndiye aliyesimama kuutetea wakfu.

Ukifika Hooghly leo utaiona Imambara, nyumba ya kukumbukia msiba wa Karbala, iliyojengwa baina ya 1841 na 1861 kwa mali ileile. Inatazama mto, na minara yake miwili imebeba saa kubwa baina yake. Mto uliiua Saptagram, na wenye maghala wakaenda zao. Kilichobaki ni kile alichokitoa mzee mmoja asiye na mtoto, na vijana waliosomeshwa nacho ni wengi kuliko watoto ambao mtu angeweza kuwazaa.

Tuzingatie, basi. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika, isipokuwa sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema mwenye kumwombea. Haji Mohsin alitoa sadaka. Lakini sadaka ile iliendelea kwa sababu wapo waliouliza: mapato yako wapi, na wanaostahiki wamepata nini? Wewe uliye jirani wa shamba la wakfu au nyumba ya wakfu, uliza kwa adabu, lakini uliza. Na wewe uliyekabidhiwa usimamizi, kumbuka kwamba mwenye mali yuko kaburini na hawezi kukudai, lakini Yule aliyepewa mali ile hafi wala halali.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotoa na wanaolinda amana. Amin.