Kando ya Mto Rwizi: Kutoka Mbarara Hadi Nakivale

Huko Ulaya watu wenye nafasi hununua gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji, wakafuata mto mmoja mji hadi mji, wakitazama makanisa ya kale na madaraja ya mawe. Msafiri atakayeufuata Mto Rwizi kwa namna hiyo, kusini-magharibi ya Uganda, hataona ngome wala minara. Hata hivyo asidhani kuwa mto huu hauna historia, maana kandokando yake watu wamehamia na kuhama mara nyingi.

Rwizi huanzia vilima vya Buhweju, hupita Mbarara, kisha huelekea mashariki kwenye bonde la maziwa madogo na vinamasi vya mafunjo, Nakivale na Mburo yakiwa miongoni mwake. Hii ndiyo nchi ya Nkore, ambayo Waingereza waliiita Ankole. Wafalme wake hawakuwa na mji mkuu wa kudumu. Makao ya Mugabe, yaliyoitwa orurembo, yalihamishwa mara kwa mara, na mifugo ikaandamana nayo. Kwa hiyo makao yasafiriyo si jambo geni huku, ingawa hapa aliyesafiri ni mfalme pamoja na ng'ombe wake wenye pembe ndefu. Boma la Waingereza la Mbarara na Mkataba wa Ankole wa 1901 ndivyo vilivyoukomesha mwendo huo, na jumba la Mugabe likasimama juu ya kilima cha Kamukuzi. Ufalme ulifutwa 1967. Falme nyingine ziliporudishwa 1993, wa Ankole ulibaki nje.

Kwa sisi walimu wa Kiswahili, Mbarara ina kumbukumbu chungu. Lugha yetu ilijulikana huko zaidi kwa sauti ya kambi ya jeshi. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa 1973, na watu waliowaogopa askari wake hawakuona sababu ya kuipenda. Mnamo Februari 1979 jeshi la Tanzania liliingia Mbarara, nalo likisema Kiswahili. Majengo mengi ya mji yaliharibiwa katika vita hivyo. Ni haki kulitaja hili waziwazi, kwani tumezoea kuisimulia lugha hii kana kwamba kila mahali ilipokelewa kwa matarumbeta.

Gari likiiacha Mbarara na kushuka Wilaya ya Isingiro, mashamba ya ndizi hupokewa na nyika, kisha ziwa huonekana. Makazi ya Nakivale yalianzishwa kwa ajili ya Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya 1959, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Mkimbizi hupewa kipande cha ardhi ajenge na kulima. Mnamo 1982 Wanyarwanda wengi wa eneo la Mbarara, hata waliokuwa wameishi humo miaka mingi, walifukuzwa majumbani mwao. Baadhi yao walisongamana katika makazi haya, wengine wakavuka mpaka. Baada ya 1994 wengi wa wakimbizi wa mwanzo walirudi kwao, na mahali pao pakajazwa na Wanyarwanda wengine, Warundi, Wasomali, na hasa Wakongo.

Hao Wakongo wamekileta Kiswahili kwa mara nyingine, safari hii bila bunduki. Ni Kiswahili cha Kivu, ambacho baadhi yetu hukisahihisha upesi mno. Kisamvu huko ni sombe, na asemaye “niko nakwenda” haoni kosa lolote. Shuleni watoto hufuata muhtasari wa Uganda, kwa Kiingereza. Sokoni, Mrundi hununua samaki wa ziwani kwa Mkongo, na Msomali humuuzia Mnyankole sukari, na bei hupatanwa kwa Kiswahili.