Kutoka Studioni hadi Sebuleni: Historia ya Spika za JBL na Suala la Uaminifu wa Sauti katika Miaka ya 1970

Makala haya yanachunguza jinsi spika zilizobuniwa kwa ajili ya kazi za studio zilivyogeuzwa kuwa vifaa vya anasa vya nyumbani nchini Marekani, kwa kurejelea kampuni ya JBL ya California. Wapenzi wengi wa muziki wameuona uhamisho huo kuwa wa moja kwa moja, yaani, anunuaye spika ya studio hununua sauti ile ile aliyoisikia msanii siku ya kurekodi. Makala yanadai kuwa kilichohama ni vifaa tu. Kigezo cha uaminifu wa sauti hakikuhama, kwani hata studioni hakikuwa thabiti.

JBL ilianzishwa mwaka 1946 na James Bullough Lansing, aliyekuwa ametoka Altec Lansing. Kwa miaka mingi baadaye, studio za Marekani zilitegemea spika ya Altec 604. Mwishoni mwa miaka ya 1960 JBL iliingia katika soko hilo kwa 4310, spika ndogo kiasi yenye besi ya inchi 12. Sakiti yake ya kugawa masafa ilikuwa sahili mno: spika ya besi iliunganishwa moja kwa moja na amplifaya, na kapasita zikazuia sauti nene zisifike kwenye spika za sauti za kati na nyembamba. Mwaka 1970 ilitolewa L100 Century, ambayo kimsingi ilikuwa 4310 iliyovalishwa mavazi ya nyumbani. Rangi ya kijivu ya studio iliachia nafasi ubao wa mjozi, na uso ukafunikwa kwa sponji yenye vijisanduku, ambayo ile ya rangi ya chungwa ndiyo iliyosifika zaidi. Spika hiyo iliuzwa kwa wingi mno.

Katikati ya muongo huo, utaratibu huo ulifikia spika kubwa za kusimama sakafuni. L300 Summit ilitokana na 4333 ya studio: besi ya inchi 15, sauti za kati zilizopitia pembe, na spika ya pekee kwa sauti nyembamba kabisa. Sanduku lake lilikamilishwa kwa ubao wa mjozi na kioo juu, kama meza ya sebuleni. Aidha, 4343 ya njia nne ilitolewa katika umbo la kijivu na katika umbo la mjozi, nayo ilipata heshima kubwa miongoni mwa wasikilizaji wa nyumbani nchini Japani.

Hata hivyo, chumba hakikuweza kuhamishwa pamoja na spika. Studioni, spika kubwa aghalabu ilipachikwa ndani ya ukuta, hivyo ukuta ukawa mwendelezo wa uso wake. Sebuleni, sauti nene huzunguka sanduku, hugonga ukuta wa nyuma na kurudi kwa kuchelewa, zikiongeza baadhi ya masafa na kufifisha mengine. Kwa hiyo kifaa kile kile kilitoa besi tofauti.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Mhandisi husawazisha rekodi kwa kusikiliza spika aliyo nayo. Spika ikizidisha sauti za kati, yeye huzipunguza. Kasoro ya spika huacha alama kinyume ndani ya rekodi. Floyd Toole, mtafiti aliyefanya kazi katika National Research Council ya Kanada kabla ya kujiunga na Harman, kampuni mama ya JBL, aliliita hali hii mduara wa mkanganyiko: spika hupimwa kwa rekodi, na rekodi hutengenezwa kwa spika. Hivyo, hata aliyemiliki 4343 alisikia ukaribu na studio zilizotumia spika hiyo tu. Rekodi iliyosawazishwa kwa Altec ilimfikia ikiwa na alama za spika nyingine.

Kwa msingi huo, ni kosa kuihesabu L300 kuwa ulaghai wa kibiashara, kwani uhandisi wake ulikuwa wa studio kweli. Ni kosa vilevile kuihesabu kuwa dirisha la kuingilia studioni. Mnunuzi alipata kifaa imara chenye nguvu na ustahimilivu wa kazi ya kila siku. Ahadi ya kusikia alichosikia msanii ilihitaji kigezo cha pamoja ambacho tasnia ya muziki ilikuwa haijajiwekea.