Mikondo Kinzani na Nchi ya Ufipa

Mkondo, kwa asili, ni mwendo wa maji. Kisha neno likatwaliwa kwa upepo, na mwisho kwa fikira za watu. Kukinza ni kuzuia au kupinga. Kinzana chaongeza jambo moja kubwa: kila upande hupinga na kupingwa. Kitu hakikinzani peke yake, wala viwili havikinzani visipokutana. Ndiyo maana ya tanakuzi katika ushairi: maneno mawili ya maana zinazopingana huwekwa mahali pamoja.

Waandishi wa historia hulipenda neno hili, na pengine hulitia lisipostahili. Ufipa yafaa kwa mfano. Uwanda wake wa juu umesimama baina ya maziwa mawili, na mvua inyeshayo juu yake hugawanyika. Maji mengine hushuka magharibi, kama yale ya mto Kalambo, yaporomokayo zaidi ya mita 200 kabla ya kufika Ziwa Tanganyika. Toka huko hushika Lukuga, kisha Kongo, hata Bahari ya Atlantiki. Mengine hushuka mashariki katika Ziwa Rukwa, lisilo na mto utokao, na jua huyamaliza huko. Mtazamaji aweza kuyaita mikondo kinzani. Walakini hayakinzani, maana hayakutani. Yaachana, na asili yake ni mvua moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Wangoni. Watu waliovuka Zambezi pamoja na Zwangendaba mwaka 1835 walifika Ufipa, naye akafia huko katika miaka ya 1840. Maadamu walikaa pamoja wakigombea urithi, walikinzana. Walipotawanyika, Watuta kaskazini, watu wa Mpezeni na wa M'mbelwa kusini zilipo leo Zambia na Malawi, na wengine nchi ya Songea, palikuwa na mfarakano wa mkondo mmoja.

Mkinzano uliodumu ulikuwa Milansi. Masimulizi ya Wafipa yasema kwamba wanawake wageni wa ukoo wa Twa walifika mtawala hayupo, wakautwaa ufalme. Aliporudi, hakukimbia wala hakuwafukuza: aliwaachia ufalme, akabaki na Milansi na heshima yake ya kale. Baadaye Twa wenyewe walifarakana, zikawa dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Lakini Milansi ilibaki.

Basi si vema kutumia neno moja kwa mambo haya mawili. Asemaye mkinzano pasipo na kukutana huwafanya ndugu kuwa maadui tangu mwanzo; na asemaye mfarakano pasipo na kuachana huwafuta waliobaki wakastahimiliana. Jina la Sumbawanga hufasiriwa na wengi kuwa “tupa uchawi”. Agizo la namna hiyo hupewa anayeingia kuishi na wenzake. Aendaye zake hana haja nalo.