Wayaringi ya gari la kujengwa upya

Wayaringi ni shada la nyaya, pamoja na soketi, fyuzi na rilei zake, linalopeleka umeme wa betri hadi kwenye kila kifaa cha gari. Makala hii inahusu namna ya kuichagua na kuifunga katika gari kuukuu lililovuliwa kila kitu na kujengwa upya, mara nyingi kwa injini isiyo yake. Marekani magari ya namna hiyo huitwa hot rod. Vijana wa California waliyapa umaarufu kuanzia miaka ya 1930, walipovua mabati ya Ford Model T na Model A na kuzipandishia injini zenye nguvu zaidi. Dar es Salaam ndugu zake ni Land Rover Series, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, na Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40, ya 1960 hadi 1984. Gari kama hilo likishanyooshwa bodi na kupigwa rangi hupendeza mtaa mzima, lakini nyaya ndizo zitakazoamua kama litadumu barabarani au litaungua.

Soko la kazi hii liko Ilala. Gerezani, ubavuni mwa Kariakoo, na Shauri Moyo ndiko wenye magari wanakofuata spea, mpya na za mtumba, na mafundi umeme wa magari hawako mbali na maduka hayo, wengine wakiwa katika gereji bubu zisizo na kibao wala paa. Injini za mtumba, nyingi zikiwa za Kijapani, huuzwa zikiwa na vipande vya nyaya vinavyoning'inia. Hapo ndipo kosa kubwa linapozaliwa. Muuzaji akitaka kuishusha injini haraka hukata shada kwa koleo, na mnunuzi hupewa soketi zenye mikia ya sentimita chache. Baada ya hapo kila waya utaungwa kwa kubahatisha.

Kwa hiyo uchaguzi wa wayaringi huanzia kwenye injini. Dizeli yenye pampu ya kawaida, kama Toyota 1HZ ya lita 4.2 au 300Tdi ya Land Rover, haihitaji nyaya nyingi: starta, plagi za kupasha moto, koili ya kukata mafuta, altaneta, na vipimio vya joto na oili. Injini inayoendeshwa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ni habari nyingine. Hiyo inunuliwe pamoja na kontroli boksi yake na shada lake zima, vyote kutoka gari moja, na kama ufunguo wake una chipu, na ufunguo huo uje pia. Shada la injini lisikatwe. Liunganishwe na shada la bodi kwa nyaya chache tu za moto, hasi na vipimio. Anayeokoa fedha kwa kununua boksi mtaa huu na nyaya mtaa wa pili atazirudisha fedha hizo kwa fundi, na huenda injini isiwake.

Kwa upande wa bodi kuna njia tatu. Ya kwanza ni seti iliyonakiliwa kutoka ya kiwandani, kama zinazotengenezwa na Autosparks ya Uingereza kwa Land Rover za zamani. Ya pili ni seti ya gari lolote, kama za Painless Performance na American Autowire za Marekani, ambazo huhesabiwa kwa idadi ya saketi. Land Rover isiyo na kiyoyozi wala vioo vya umeme hutosheka na seti ya saketi 12 hivi. Kununua kubwa zaidi ni kujaza dashibodi nyaya zisizo na kazi. Ya tatu ni fundi kulisuka shada mwenyewe, na fundi mzuri wa Gerezani hulisuka vizuri kabisa, mradi apewe waya mpya wa shaba wa magari. Waya wa kufungia nyumba haufai: ule wa msumari mmoja hukatika kwa mtikisiko.

Hesabu ni rahisi na isirukwe. Wati zigawanywe kwa volti. Taa kubwa mbili za wati 60 ni wati 120. Kwa volti 12 ni ampea 10. Hapo waya wa milimita mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 15, ile ya buluu, vinatosha. Fyuzi huchaguliwa kwa kuangalia waya, kwa sababu kazi yake ni kukatika kabla waya haujaungua. Anayeweka ya ampea 30 kwa sababu ya 15 inakatika kila mara ameondoa kinga na kuuacha ugonjwa palepale. Jambo hili lina uzito zaidi kwa Land Rover, maana Series II na IIA zilitoka kiwandani na fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazikuwemo katika ulinzi huo.

Kabla ya kununua chochote, volti nazo zithibitishwe. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hutumia volti 24, na starta zake hazitaafikiana na gari la volti 12. Land Rover za kabla ya 1967 kwa kawaida zilifungwa chanya kwenye bodi. Altaneta ya kisasa ikiunganishwa hivyo hivyo, daiodi zake huungua mara moja.

Katika ufungaji, fundi aanze na hasi. Waya mnene utoke betri hadi kwenye injini, mwingine hadi kwenye fremu, na mwingine uunganishe fremu na bodi, kila mahali rangi ikikwanguliwa mpaka chuma king'ae, kisha papakwe grisi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, na hewa ya chumvi ya Pwani huila haraka inapogusana na chuma. Taa nyingi zinazofifia Dar es Salaam hazina ubaya wowote ila hasi chafu. Mita huonyesha: taa ikiwa inawaka, pima kati ya hasi ya betri na hasi ya taa; ikizidi nusu volti, unganisho ni bovu.

Taa kubwa, honi na feni zipite kwenye rilei, ili swichi ya zamani isibebe mzigo wote. Kila tundu la bati liwe na mpira, shada likae mbali na ekzosi, na viunganisho vibanwe kwa koleo lake na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Utepe mweusi peke yake huachia gundi kwenye jua letu. Viunganisho vikae juu pia, kwani wakati wa masika maji hujaa eneo la Jangwani na gari huweza kuyapita hadi usawa wa sakafu.

Siku ya kwanza betri isiunganishwe moja kwa moja. Balbu ya wati 21 iwekwe kati ya betri na waya wake mkuu, swichi zote zikiwa zimezimwa. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti, na itafutwe kabla ya kuendelea. Balbu imeokoa shada zima. Kizimamoto kiwe karibu. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kazi ikiisha, fundi achore mchoro wenye rangi za nyaya na ukubwa wa kila fyuzi, nakala yake ikae ndani ya gari. Mwenye gari na audai mchoro huo kabla ya kumalizia malipo.